Kutoka Ukunda hadi Manda: Saa Moja Angani na Swala ya Msafiri

Wiki hii tumeletewa suali na mama mmoja wa hapa Ndia Kuu, ambaye binti yake ameolewa Ukunda. Binti huyo ataka kwenda Lamu kumuuguza shangazi ya mumewe kwa muda wa juma zima, na amekata tikiti ya ndege ndogo. Mama auliza: mtu afikaye kwa saa moja, bila ya vumbi wala jasho, aweza kuitwa msafiri akakusuru swala?

Tuanze na masafa. Kutoka uwanja mdogo wa ndege wa Ukunda hadi ule wa Manda, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 270. Ndege ya mwendo wa kilomita 300 kwa saa huzimaliza kwa muda usiotimia saa moja. Pamoja na kupaa na kutua, tuihesabu saa kamili. Wazee wetu waliopanda jahazi bandari ya kale walingoja kusi ndipo waelekee Lamu, na njiani wakalala. Hata leo, kwa gari, kutoka Mombasa hadi Mokowe ni takriban kilomita 340, na bado kuna maji ya kuvuka.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, kipimo ni masafa, si saa wala taabu. Mpaka ni marhala mbili, yaani maili 48 za Hashimi, ambazo wanavyuoni wengi wa zama hizi huzikadiria baina ya kilomita 80 na 90. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), amelieleza jambo hili katika Minhaj, pale alipoifanya bahari kuwa sawa na bara: mwenye kuyakata masafa hayo majini kwa saa moja hukusuru. Ndege hakuijua, lakini jawabu lake latutosha.

Binti huyo basi ni msafiri. Penye kutaka uangalifu ni mwanzo wa safari yake na mwisho wake. Uwanja wa Ukunda umo ndani ya mji anaokaa. Akiswali Adhuhuri hapo, ni rakaa nne. Na kwa kuwa amenuia kukaa Lamu zaidi ya siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, usafiri wake wamalizika aingiapo mji huo. Lakini uwanja wa Manda uko kisiwa chengine, ng'ambo ya mkondo. Akitua saa nane mchana naye hajaswali, twaona ana haki, kabla ya kupanda mashua, kuswali pale rakaa mbili za Adhuhuri na kujumuisha nazo mbili za Alasiri. Asione haya kutandika msala mbele ya watalii. Akishakanyaga gati la Lamu, ni nne.

Ramadhani mambo hubana zaidi, na hapo wengi huteleza. Aliyepambazukiwa nyumbani kwake naye amefunga, kisha akapanda ndege mchana, hafungui siku hiyo kwa sababu ya safari. Na akiwa angani karibu na magharibi, asifuate saa ya mji ulio chini yake. Maadamu jua alaliona dirishani, tende na zikae mkobani.