Kaseti ya mkanda: Kopo dogo linaloweza kupoteza picha ya familia

Picha za harusi, ubatizo na mahafali zilizotundikwa kwenye sebule za Kasulu na Kibondo kabla ya simu za mkononi kuenea zilipigwa kwa kamera za mkanda. Kamera hizo hazikufa zote. Nyingine bado zimo masandukuni, zimefungwa kwenye mifuko yake ya ngozi, na zikisafishwa kidogo zinafanya kazi.

Kamera ya babu ikiangukia mikononi mwa kijana wa sekondari anayetaka kujifunza upigaji picha, mzazi huwa na swali moja: mkanda utanunuliwa kwa fedha ipi? Mkanda mmoja wa picha 36 ukiagizwa kutoka mbali ni ghali, na kijana anayejifunza huharibu mingi kabla hajapata picha nzuri.

Njia ya kupunguza gharama ipo, na mama yeyote anayenunua mchele kwa gunia badala ya kilo anaielewa. Mkanda huuzwa pia kwa jumla. Viwanda kama Ilford hutengeneza mkanda mrefu wa mita 30.5 ndani ya kopo moja. Picha 36 hutumia takriban mita 1.65, pamoja na vipande vya mwanzo na mwisho visivyopigwa picha. Kwa hiyo mkanda huo mrefu hutoa mikanda midogo kama 18. Mzazi agawe bei ya mkanda mrefu kwa 18, aongeze gharama ya kaseti, kisha alinganishe na bei ya mkanda mmoja wa dukani. Hapo ataona kama kuna faida.

Lakini mkanda wa jumla hauna kaseti. Mpiga picha hukata kipande gizani na kukipakia mwenyewe kwenye kaseti inayofunguka na kufungwa tena. Faida yote inapatikana hapo au inapotea hapo.

Kaseti ni nini hasa

Ni kopo dogo la mviringo lenye kijiti katikati cha kuzungushia mkanda, na mdomo mwembamba mkanda unapotokea. Mdomo huo umebandikwa kitambaa laini kama mahameli pande zote mbili. Kitambaa hicho ndicho mlinzi: kinaruhusu mkanda kupita na kuuzuia mwanga kuingia.

Kupakia kwa mkono si jambo geni. Kamera za Leica zilipoingia sokoni mwaka 1925, wapiga picha walijaza kaseti zao wenyewe gizani. Mwaka 1934 Kodak ilileta kaseti iliyojazwa tayari kiwandani, pamoja na kamera yake ya Retina. Umbo la kaseti hiyo ndilo linalotumika hadi leo.

Aina nne, na udhaifu wake

Ya kwanza ni ya plastiki, yenye vifuniko vya kuzungusha au kubana. Ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Udhaifu wake ni vifuniko kulegea baada ya kufunguliwa mara nyingi. Ikianguka sakafuni, kifuniko kinaweza kuruka na mkanda wote ukaona jua.

Ya pili ni ya chuma, yenye vifuniko vya kubana. Hii hudumu zaidi, mradi vifuniko visipinde. Kifuniko kilichopinda kidogo tu hakizibi tena.

Ya tatu ni ya shaba nyeupe au ya njano, iliyotengenezwa zamani kwa ajili ya kamera maalumu kama Leica na Contax. Haina kitambaa. Hufunguka yenyewe ndani ya kamera na kujifunga kabla kamera haijafunguliwa, kwa hiyo haikwaruzi mkanda. Ila haifai kwenye kamera yoyote tu, na mzazi asiinunue kabla hajajua kamera ya nyumbani ni ipi.

Ya nne ni ya bure: kaseti ya kiwandani iliyokwisha kutumika. Nyingi za siku hizi vifuniko vyake vimebanwa moja kwa moja, na ukivitoa kwa kifungulia soda havirudi. Ujanja ni kumwomba fundi anayesafisha picha aache kipande cha mkanda wa zamani, sentimita tatu au nne, kikiwa kimechomoza mdomoni. Mkanda mpya huungwa hapo kwa selotepu imara pande zote mbili, kisha huzungushwa ndani. Kaseti kama hiyo itumike mara chache tu na itupwe.

Kuna tahadhari kwa kamera zinazojisomea kasi ya mkanda kupitia miraba ya rangi ya fedha iliyo ubavuni mwa kaseti. Kaseti isiyo na miraba hiyo, kamera nyingi huichukulia kuwa na mkanda wa kasi ya 100. Kaseti ya kiwandani iliyojazwa upya nayo husomwa kwa kasi ya mkanda wake wa zamani. Kamera ambayo kasi yake hupangwa kwa mkono haina tatizo hilo.

Vumbi la kiangazi

Kwenye nyanda za Kigoma adui mkubwa wa kaseti ni vumbi. Kiangazi kikikolea, vumbi jekundu la barabarani huingia mpaka kabatini. Chembe moja ya mchanga ikinasa kwenye kitambaa cha mdomo, hukwaruza mkanda mzima kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho. Ukiona mstari mmoja ulionyooka unapita kwenye picha zote, anza kwa kushuku kitambaa hicho.

Dawa yake ni ya kawaida. Kaseti tupu zikae kwenye kopo lenye mfuniko unaokaza. Kabla ya kupakia, mdomo usafishwe kwa brashi laini kavu au upitishwe selotepu inayonasa vumbi. Usipulizwe kwa mdomo, kwa sababu mate huleta unyevu. Mkanda wenyewe usiwekwe karibu na paa la bati, kwani joto la mchana huuharibu.

Jaribio kabla ya siku kubwa

Kaseti mpya au ya kuokota isiaminiwe kwa macho. Pakia kipande kifupi cha mkanda gizani, funga kaseti, kisha iweke juani dakika kadhaa ukiigeuza pande zote. Baada ya hapo mkanda usafishwe. Sehemu iliyochomoza nje itakuwa nyeusi, na hilo ni la kawaida. Lakini kingo zikiwa na weusi unaoendelea hadi ndani, mwanga unapita kwenye vifuniko. Kaseti hiyo itupwe siku hiyohiyo.

Kila kaseti iandikwe namba, na picha ya kwanza ya kila mkanda iwe ya karatasi yenye namba hiyo. Kasoro ikijitokeza, kijana atajua ni kaseti ipi yenye kosa. Ajue pia kwamba anayepakia kwa kisanduku maalumu nje ya chumba cha giza hupoteza picha ya mwisho, kwa sababu ncha inayofungwa kwenye kijiti huona mwanga. Tukio muhimu lisiachwe hadi picha ya 36.

Mzazi ana jukumu jingine nyumbani. Dawa za kusafishia mkanda zisitiwe kamwe kwenye chupa za soda au maji ya kunywa. Ziwe na lebo, na zifungiwe mahali watoto wadogo hawafiki.

Kwa nini ujisumbue

Simu inapiga picha bure, na mzazi ana haki ya kuuliza taabu yote hii ni ya nini. Jibu moja liko nchi jirani ya Rwanda. Mwaka 2000 watoto wa kituo cha yatima cha Imbabazi, karibu na Gisenyi, walipewa kamera za kutumia mara moja zenye mkanda ndani. Walipiga picha za maisha yao wenyewe, zikasafishwa hukohuko, zikabandikwa ukutani na kuwekwa kwenye albamu zao. Wengi wao walikuwa wamepoteza familia. Kuwa na picha ya kushika mkononi halikuwa jambo dogo.

Watu wa Kasulu na Kibondo wanalijua hilo kwa karibu. Wilaya hizi zimepokea wakimbizi kwa miaka mingi, na kambi ya Nyarugusu imehifadhi Wakongo tangu 1996. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, mashirika ya misaada, likiwemo la Msalaba Mwekundu, yalitumia picha za watoto waliopotezana na wazazi ili ndugu wawatambue.

Ndiyo maana kuokoa fedha kwenye mkanda kusigeuke kuwa rahisi ghali. Kwa mazoezi ya kila siku, kaseti ya plastiki iliyofaulu jaribio inatosha. Siku ya kumpiga picha bibi mwenye miaka 90 akiwa na wajukuu wote, kijana atumie kaseti aliyoipima mwenyewe na kuiona mara tatu au nne ikitoa mkanda safi. Kama hana, anunue mkanda mmoja wa kiwandani, hata kama ni ghali. Bibi hatakaa tena kwa ajili ya kaseti iliyovuja.