Mabano katika Amri za Kompyuta

Katika hesabu umejifunza kanuni ya MAGAZIJUTO: mabano hutangulia. Kompyuta nayo hufuata kanuni kama hiyo inapopima sentensi. Mwanahisabati Mwingereza George Boole (1815–1864) alionyesha kwamba sentensi zilizo kweli au si kweli huweza kukokotolewa kama hesabu.

Neno NA hutoa kweli pale tu pande zote mbili zinapokuwa kweli. Neno AU hutoa kweli iwapo hata upande mmoja ni kweli.

Tuseme kompyuta inaongoza pampu ya umeme iliyozamishwa kisimani. Pampu huwashwa ikiwa:

A NA (B AU (C NA D))

A: kisima kina maji.
B: tangi la shule ni tupu.
C: tangi la zahanati ni tupu.
D: koki ya zahanati imefunguliwa.

Kompyuta husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ikikuta bano la kufungua, huweka kando kazi iliyoianza. Ikikuta bano la kufunga, humaliza kazi ya bano lililofunguliwa mwisho, kisha huirudia ile iliyowekwa kando. Hivyo mabano ya ndani kabisa hukokotolewa kwanza.

Sasa kiangazi kimefika. A na B si kweli. C na D ni kweli.

1. C NA D: kweli.
2. B AU kweli: kweli.
3. A NA kweli: si kweli.

Pampu haiwashwi.

Je, mabano yakisahauliwa?

A NA B AU C NA D

Katika lugha nyingi za kompyuta, NA hutangulia AU, kama kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha. A NA B si kweli. C NA D ni kweli. Si kweli AU kweli hutoa kweli. Pampu itawashwa katika kisima kikavu! Pampu ya namna hii hupozwa na maji yanayoizunguka. Yakikosekana, mota hupata joto kali na huweza kuungua.

Kosa hili hujificha. Maadamu kisima kina maji, amri zote mbili hutoa jibu moja. Kumbuka: kompyuta hufuata ulichoandika, si ulichokusudia.

Zoezi

1. A na C ni kweli. B na D si kweli. Je, pampu itawashwa?
2. Kokotoa tena bila mabano. Je, jibu limebadilika? Eleza kwa nini.