Desturi ya Mwito katika Lugha ya C: Ya Hadhara na ya Ndani

Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika Bell Laboratories, Marekani, mnamo mwaka 1972, huigawa programu katika sehemu zenye majina, ziitwazo funkisheni. Funkisheni moja iitapo nyingine, hapana budi pande mbili ziwe zimepatana: thamani ziwekwe wapi, jibu lirudi wapi, na rejista zipi, yaani vihifadhi vidogo vilivyomo katika prosesa, zisiharibiwe. Mapatano hayo ndiyo desturi ya mwito.

Desturi ya hadhara ni ya lazima, maana iitayo na iitwayo huenda zikafasiriwa na kompaila mbili zisizojuana. Katika Linux ya mashine za i386 thamani zote hupitia rundo la kumbukumbu. Kila moja huandikwa, kisha husomwa tena. Katika mashine za x86-64, namba kamili au anwani sita za kwanza hupita katika rejista.

Neno «static» hubadili hali hiyo. Funkisheni iliyotanguliwa nalo haijulikani kwa jina nje ya faili yake. Kompaila ikiisha kuiona miito yote, na kuhakikisha kuwa anwani ya funkisheni haikutwaliwa ili itumiwe kwa njia nyingine, yaweza kuweka mapatano mapya, mradi iziandike upya pande zote pamoja. Hapo GCC, katika i386, hupitisha hadi thamani tatu katika rejista. Thamani isiyotumiwa huondolewa. Anwani ya namba isomwayo tu hubadilishwa kuwa namba yenyewe. Tena, tangu toleo la 5 la mwaka 2015, GCC huweza kutazama rejista ambazo iitwayo huzigusa kweli, na iitayo haina haja ya kuhifadhi nyinginezo.

Hatari iko katika mwito usioonekana. Kompaila haifahamu maana ya maneno ya asembli yaliyotiwa ndani ya C. Mwandishi akiita humo funkisheni ya ndani kwa desturi ya hadhara, thamani huenda zikatafutwa mahali zisipokuwapo, wala onyo lisitolewe. Kwa hiyo yampasa kuitia funkisheni hiyo alama maalumu, kama «used» ya GCC, ili desturi ya hadhara idumu.

Basi neno «static» si kificho cha jina tu. Ni ushahidi kwamba wasemaji wote wamo nyumbani. Na ushahidi huo ukiwa si kweli, mapatano huvunjika kimya.