Wimbi Lisilosafiri: Istilahi na Usumaku wa Kromiamu

Istilahi ya sayansi haipimwi kwa ufasaha wa maneno peke yake, bali pia kwa picha inayojengeka akilini mwa msomaji. Metali ya kromiamu yaweza kuwa kielelezo cha jambo hili.

Kila elektroni ina usumaku wake mdogo wa asili, utokanao na sifa iitwayo spini. Katika chuma kilichotiwa usumaku, spini nyingi huelekea upande mmoja na nguvu zake hujumlika. Katika kromiamu mambo ni kinyume. Mwaka 1953, Shull na Wilkinson walitumia miali ya nyutroni wakabaini kwamba usumaku wa atomu jirani huelekea pande zinazopingana, hata jumla yake ikawa sifuri. Uchunguzi wa baadaye ulidhihirisha kwamba ukubwa wa usumaku huo nao hupanda na kushuka kwa utaratibu. Katika baridi kali, mpango hujirudia kila baada ya hatua 21 hivi za kimiani cha atomu, bila kuafikiana kikamilifu na hatua hizo. Ni kama nakshi ya mkeka ambayo marudio yake hayalingani na idadi kamili ya miyaa. Kromiamu ipatapo joto la nyuzi 38 hivi za Selsiasi, yaani 311 za Kelvini, mpango wote hutoweka.

Katika miaka ya 1960, Overhauser na Lomer walieleza kwamba chanzo chake ni elektroni zinazotembea huru katika metali nzima, wala si atomu mojamoja.

Tafsiri ya neno kwa neno ingetoa “wimbi la msongamano wa spini”. Hapa pana mitego miwili. Kwanza, “wimbi” humpeleka msomaji baharini, hali wimbi hili limesimama. Pili, “msongamano” humfanya adhani kuwa elektroni zimerundikana mahali fulani. Sivyo: pale zinapozidi zenye spini ya upande mmoja, hupungua zenye spini ya upande wa pili, na idadi ya zote karibu haibadiliki. Kinachopanda na kushuka ni tofauti baina ya makundi hayo mawili.

Kwa hiyo “wimbi tuli la tofauti ya spini” lingefaa zaidi. Neno “spini” lenyewe heri libaki la mkopo, kwani “mzunguko” ungeifanya elektroni ionekane kama pia ichezwayo na watoto.