Kompyuta Kuukuu na Diski Isiyozunguka

Katika kata ya Kivukoni jijini Dar es Salaam, baina ya Mahakama Kuu na soko la samaki la Feri, na vivyo hivyo katika mitaa inayopanda kuelekea Kariakoo, zimo kompyuta nyingi mno ambazo wenyewe wamekwisha kuzihukumu kuwa zimezeeka. Utazikuta katika steshenari zinazochapa viapo vya mahakamani, katika ofisi za mawakili na za mawakala wa forodha, na katika mikoba ya wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Fedha pale Mtaa wa Shaaban Robert. Na kila mahali malalamiko ni yale yale, kwamba mashine huwashwa asubuhi, mwenyewe akaenda kunywa chai, akarudi akaikuta bado inazungusha kiduara chake kwenye kioo, ilhali mteja aliyekuja kuchapiwa ukurasa mmoja amekwisha kuondoka. Aghalabu shauri linalofuata ni kukopa au kuchanga fedha na kununua nyingine. Rai yangu ni kwamba shauri hilo, kwa mashine nyingi, hukatwa kwa haraka kupita kiasi, kwa kuwa kilichochoka ndani yake ni kiungo kimoja tu, nacho chaweza kung'olewa na kutiwa kingine kwa sehemu ndogo ya bei ya kompyuta mpya.

Kiungo hicho ni diski ya kuhifadhia, ambayo mafundi wetu huiita hadi diski. Ndani ya kompyuta mna prosesa, ambayo ndiyo ifanyayo hesabu. Mna ramu, ambamo kazi iliyo mkononi huwekwa kwa muda. Na mna diski, ambamo kila kitu hukaa hata umeme ukizimwa, tangu mfumo wenyewe wa Windows hadi picha za arusi. Prosesa ya mwaka 2012, pamoja na ukongwe wake, ina nguvu ya kutosha kabisa kwa kuchapa barua, kutunza hesabu za duka na kusoma habari za intaneti, lakini haiwezi kufanya kazi juu ya kitu kisichoifikia. Hali yake ni mithili ya karani hodari wa bandarini aliyeketi na kalamu mkononi, akimngoja hamali mmoja mkongwe anayeleta mizigo gunia kwa gunia kutoka ghala la mbali: ukimfukuza karani ukaajiri mwingine mwepesi zaidi, gunia halitafika mapema hata kwa dakika moja.

Ukongwe wa hamali huyo una tarikhi yake. Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 61 hivi, na shehena yote hiyo ilibeba herufi milioni 5 tu, ambazo leo hazitoshi kubeba wimbo mmoja wa simu kwa raha. Tangu siku hizo sahani zimepungua umbo na kuzidi uwezo kwa namna ya kustaajabisha, lakini asili ya kazi haikubadilika: sahani huzunguka, na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea huenda na kurudi juu yake, ukielea kwa nafasi ndogo kuliko upana wa chembe ya moshi. Katika kompyuta mpakato nyingi sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja huchukua takriban sehemu 11 za elfu za sekunde. Ukijumlisha safari ya mkono na muda wa kungoja mzunguko, diski haiwezi kufikia mahali palipotawanyika zaidi ya mara mia hivi katika sekunde moja. Nayo Windows inapoamka haisomi kitabu kimoja kwa mfululizo, bali huokota maelfu ya vipande vidogo vidogo vilivyosambaa kila pembe ya sahani. Hapo ndipo dakika zinapoliwa.

SSD, diski isiyozunguka inayoshika nafasi ya hadi diski, haina sahani wala mkono. Ndani yake mna chipu za namna ile ile iliyomo katika flashi na katika simu, maarifa yaliyobuniwa katika miaka ya 1980 na mhandisi wa Kijapani Fujio Masuoka alipokuwa katika kampuni ya Toshiba. Kwa kuwa hakuna kinachosafiri, kipande chochote hupatikana kwa muda wa sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde au chini ya hapo, na maombi ya makumi ya elfu hutimizwa katika sekunde ile ile ambayo hadi diski ingetimiza mia. Hadi diski ya kompyuta mpakato husoma faili kubwa kwa kiasi cha megabaiti 100 kwa sekunde; SSD ya kawaida, iliyofungwa katika mlango wa SATA wa kizazi cha tatu, hufika zaidi ya 500. Hata mwenye mashine ya zamani zaidi, ambayo mlango wake ni wa kizazi cha pili na hauruhusu zaidi ya 300, asivunjike moyo, maana faida kubwa iko katika kuokota vile vipande vidogo, na faida hiyo ataipata karibu yote. Kompyuta iliyokuwa ikiamka kwa dakika tatu au nne huamka kwa nusu dakika au pungufu.

Sisi Watanzania tuna sababu ya pekee ya kulitilia maanani jambo hili. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, na miaka tisa baadaye, mwaka 1974, serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku ile ilikuja kulegezwa, milango ikafunguka, na sehemu kubwa ya mashine zilizoingia mikononi mwa watu wa kawaida zikawa zile zilizokwisha kutumika ng'ambo: HP, Dell na Lenovo za maofisini, zilizotumikia wenyewe Ulaya au Marekani, kisha zikapitia mikono ya matajiri wa Dubai hadi kufika madukani Kariakoo. Ni mashine imara, zilizoundwa kwa kazi nzito, na fremu zake zaweza kuishi miaka mingi. Lakini zile za zamani zimekuja na hadi diski zilizokwisha kuzunguka miaka kadhaa kabla hazijavuka bahari, kisha zikapokewa na joto letu, vumbi letu, chumvi ya pwani, na mtikisiko wa mkoba juu ya bodaboda. Basi si ajabu kwamba kiungo chenye kusogea ndicho kinachotangulia kuchoka.

Kazi yenyewe ya kubadilisha ni fupi, na yeyote aliyesimama mbele ya meza ya fundi katika Mtaa wa Aggrey ameiona. Fundi aliye makini huizima kompyuta kabisa, huchomoa betri ikiwa yachomoka, kisha hubonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki utoke. Huipindua juu ya kitambaa, hufungua skrubu kwa bisibisi ndogo ya nyota na kuzipanga juu ya karatasi kwa mpangilio ule ule zilivyokuwa, maana skrubu ndefu ikirudishwa mahali pa fupi yaweza kutoboa bodi. Mfuniko ukiisha kuinuliwa, diski huonekana ndani ya kitanda chake cha bati, kilichoshikwa kwa skrubu nne. Husukumwa kwa upole kando, nayo huachana na soketi na kuonyesha meno yake, 7 ya kupitishia data na 15 ya umeme. SSD ina meno hayo hayo na upana ule ule wa inchi 2.5, tofauti ni kwamba hadi diski nyingi za zamani zina unene wa milimita 9.5 na SSD ina 7, ndiyo maana baadhi ya mafundi hubandika fremu nyembamba ya plastiki ili isichezecheze. Mwenye kompyuta na asimame pale pale hadi mwisho, kwa adabu na bila kumsumbua fundi, aone kwa macho yake ni kitu gani kimetoka na ni kipi kimeingia.

Penye mushkeli ni katika kununua. Mashine za miaka ya karibuni hazitumii tena umbo hilo la inchi 2.5, bali kijibodi chembamba kiitwacho M.2, nacho kina aina mbili zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa lugha, yaani SATA na NVMe; aliyenunua moja ilhali mashine yake yaijua nyingine amepoteza fedha. Kwa hiyo ni heri kwenda dukani na kompyuta yenyewe kuliko kwenda na maelezo yake. Kwa ukubwa, gigabaiti 240 au 256 zinamtosha mchapaji, mwanafunzi na mwenye duka. Anayehifadhi video na atafute 480 au 512. Na bidhaa ghushi zimo sokoni, baadhi zikiwa zimeandikwa terabaiti mbili kwa bei ambayo haiwezi kununua hata robo ya ukubwa huo. Hadaa yake ni ya hatari kuliko wizi wa kawaida, kwa sababu kidhibiti cha ndani kimefundishwa kuidanganya kompyuta: hupokea kila kitu bila kunung'unika, kisha nafasi halisi inapojaa huanza kufuta ya kwanza ili kuandika ya mwisho, na mwenyewe hajui mpaka siku anapotafuta faili asiipate.

Wapo wasemao kwamba SSD nyepesi ni ghushi na nzito ni halali. Hilo si kweli, maana hata zile halali zenye jina kubwa aghalabu zina kibodi kidogo tu ndani na nusu ya kasha ni tupu. Ithibati ya kweli ni majaribio: programu ya bure iitwayo H2testw huijaza diski yote kisha huisoma tena na kusema ni kiasi gani kilirudi salama, na nyingine, CrystalDiskInfo, huonyesha diski imewashwa kwa saa ngapi, hivyo iliyotumika haiwezi kuuzwa kwa urahisi kama mpya. Fauka ya hayo dai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi, kwani bila hivyo hata Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo yenye mamlaka juu ya bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, itakuwa na kidogo cha kushika mkononi.

Kuhusu yaliyomo katika diski ya zamani, njia ni mbili. Ya kwanza ni kunakili yote kama yalivyo kwa kebo ya SATA ya USB na programu kama Clonezilla, na asubuhi yake ukaikuta kompyuta ile ile na faili zile zile, ila nyepesi. Ya pili ni kuanza upya na mfumo safi na kuhamisha nyaraka peke yake, nayo naipendelea, kwa kuwa mashine zetu nyingi zimebeba virusi na takataka za miaka. Kwa vyovyote, nakala ya nyaraka na ifanywe kabla ya skrubu ya kwanza kufunguliwa. Tukumbuke pia kwamba Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba Windows 11 haikubali rasmi mashine nyingi za kabla ya mwaka 2018 hivi. Mwenye mashine ya aina hiyo anaweza kutia Linux Mint, mfumo usiouzwa hata kwa senti moja, unaoandika barua na kufungua intaneti vizuri kabisa.

SSD haitibu kila ugonjwa. Kompyuta yenye ramu ya gigabaiti 2 itaendelea kutaabika hadi iongezwe, na 8 ndicho kiasi cha kustarehe kwa sasa. Wengine huogopa kwamba chipu hizi huchakaa kwa kuandikwa, na ni kweli huchakaa. Lakini SSD ya Kingston A400 ya gigabaiti 240, iliyo miongoni mwa zile za bei nafuu, imekadiriwa na waundaji wake kustahimili maandishi ya terabaiti 80, yaani gigabaiti 20 kila siku kwa takriban miaka 11, na steshenari gani huandika kiasi hicho? Kinachostahili hofu ni kwamba hadi diski aghalabu hulia na kukwaruza kabla ya kufa, ilhali SSD yaweza kunyamaza ghafula, wala isiachie kitu cha kuokolewa. Nayo isifanywe sanduku la wasia, ikawekwa kabatini miaka bila umeme katika joto la Dar es Salaam. Umeme wenyewe ukikatika katikati ya kuandika, faili yaweza kuharibika hata ndani ya SSD, kwa hiyo betri nzima bado ni ya lazima.

Diski iliyotolewa, ikiwa bado ina afya, hutiwa katika kasha la USB ikawa ghala la nakala. Isiachwe mezani kwa fundi. Ndani yake mna viapo vya watu, namba za vitambulisho, mishahara na siri za wateja, na kuifuta kwa kitufe cha kawaida hakuondoi kitu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imempa kila mwenye ofisi wajibu wa kulinda amana hiyo.

Nawaomba basi wakuu wa shule, makarani wa mabohari na wenye ofisi, kabla hawajatia sahihi hati ya kuzifuta kompyuta kumi na kuagiza kumi mpya, wachague moja iliyo dhaifu kuliko zote, waitie SSD na ramu ya kutosha, waikabidhi kwa mchapaji wao kwa muda wa wiki mbili, kisha wamuulize yeye kama nyingine tisa zinastahili kutupwa.