Kutu bwawani: kabla hujasamehe deni, omba ndoo

BUJUMBURA. Pipa la klorini limetoka Dar es Salaam, limevuka mpaka wa Kabanga na Kobero, ushuru umelipwa na mzigo umeshushwa kwa mwenye nyumba ya wageni karibu na ziwa. Nusu ya pesa imetoka, nusu ni ya mwisho wa mwezi. Siku tatu baadaye simu inalia: "Kaka, dawa yako imeniharibia pisini. Maji yamekuwa kama chai, sakafu imejaa kutu. Hiyo nusu iliyobaki, sahau."

Muuzaji anayetaka kulinda jina lake huona heri asamehe. Asiharakishe. Klorini haileti kutu mahali pasipo na chuma. Inachofanya mara nyingi ni kukifichua kilichokuwamo tayari.

Maji ya chini ya ardhi, kwa kuwa hayapati hewa, yanaweza kubeba chuma kilichoyeyuka kisionekane, kama chumvi kwenye mchuzi. Ukiyateka ni meupe kabisa. Yakikutana na klorini, chuma kile hugeuka kutu, maji yakawa ya kahawia, kisha uchafu ukatua sakafuni na kushika. Mwenye bwawa ameona maji safi kabla ya dawa na machafu baada ya dawa. Ni haki yake kukushuku, ila amekosea.

Hapa Bujumbura swali la kwanza liwe: bwawa lilijazwa maji gani? Maji ya bomba ya Regideso kwa sehemu kubwa hutoka Ziwa Tanganyika. Maji ya ziwa hili hupigwa na hewa na pH yake hukaribia 9, kwa hiyo chuma kilichoyeyuka hakidumu humo. Anayejaza kwa kisima kirefu, hasa mabomba yanapokauka, ndiye wa kuulizwa zaidi. Maji ya ziwa nayo yana shida yake: bwawa linataka pH ya 7.2 hadi 7.6. Ikizidi hapo klorini hulegea, mwenye bwawa huongeza dawa bila kupima, na hata chuma kidogo kutoka mabomba ya zamani hutua sakafuni.

Omba ndoo nyeupe. Kinga maji kwenye mfereji wenyewe, si bwawani, tia klorini kidogo kwa ncha ya kijiko, koroga, acha saa kadhaa. Yakigeuka kahawia, mmepata jibu mbele ya macho ya wote wawili. Yakibaki meupe, chuma kimo bwawani kwenyewe.

Hapo angalia umbo la doa. Kahawia iliyotanda sakafu nzima mara nyingi ni maji. Nukta moja inayosuguliwa ikarudi palepale ni nondo, au kipande cha waya wa kufungia nondo, kilichoachwa karibu mno na plasta. Hilo ni la fundi ujenzi: plasta ichongwe, chuma kisafishwe au kikatwe, pazibwe upya. Hakuna dawa ya pipa inayolitibu.

Mchirizi chini ya ngazi au taa ni habari nyingine, na hapa mfanyabiashara anaweza kuwa na hatia kweli. Baadhi ya ngazi zinazong'aa ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu. Rangi ikikwaruzwa, kutu huanza. Nenda na sumaku unaponunua. Ikivuta kwa nguvu, usiuze kama chuma kisichoshika kutu. Hata ngazi nzuri huharibiwa na skrubu za bei rahisi. Na kama kuna aliyekata geti kwa grenda kando ya bwawa, vumbi la chuma lililoangukia majini huacha vidoa vidogovidogo kila mahali.

Doa la majani ya mwembe nalo hufanana na kutu. Shikilia kidonge cha vitamini C juu ya doa kwa dakika moja. Likififia, ni chuma. Lisipofifia, jaribu klorini kidogo, maana ya majani huondoka kwa klorini. Vitamini C hiyohiyo, ikiwa ya unga, husafisha sakafu nzima, lakini klorini ishushwe kwanza, la sivyo huila dawa bure. Asidi na klorini visichanganywe kamwe: hutoa gesi inayoua.

Wanaouza klorini pamoja na vifaa vya ujenzi watazame ghala lao pia. Mvuke wa pipa lisilofungwa vizuri huzishika kutu skrubu na bawaba zikiwa bado kwenye katoni. Pipa hilo lisipakiwe na mafuta ndani ya lori wala boti ya Kigoma, kwani vikigusana vinaweza kuwaka moto bila kiberiti.