Je, Wajua? Pengwini wa Linux hakushinda shindano lolote

Mashindano matatu yalifanyika kutafuta nembo ya Linux, programu huria inayotumika duniani kote. Pengwini Tux hakushinda hata moja. Lakini ndiye aliyependwa, ndiye aliyebaki.

• Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, aliwahi kudonolewa na pengwini mdogo huko Canberra, Australia. Alitaka nembo ya pengwini mnene, ameketi kwa raha, tumbo limejaa samaki.

• Larry Ewing alimchora Tux mwaka 1996 kwa GIMP, nayo programu huria. Yeyote ruksa kumtumia na kumbadilisha, mradi akiulizwa amtaje mchoraji na GIMP.

• Mwaka 2009 Tux alimpisha kwa muda Tuz, mnyama aitwaye shetani wa Tasmania, aliyevaa mdomo bandia wa ndege. Lengo: dunia ijue kuwa saratani ya uso inawaangamiza wanyama hao.